Nyama iliyorudi karaini: shajara ya kupika vya Sichuan hapa Moshi

Jumamosi, 4 Januari 2025. Ninachokitafuta

Nilisoma Chengdu, jimbo la Sichuan huko China, miaka minne, na mitatu kati ya hiyo nilipanga chumba kwa mama mmoja mstaafu, ghorofa ya sita. Tulimwita ayi, yaani mama mdogo, kama Wachina wanavyowaita kina mama wa rika lake. Jiko lake lilikuwa jembamba, watu wawili hawapishani, na kila jioni kioo cha dirisha kilijaa mvuke. Kupika nilijifunzia pale, nikiwa nimesimama mlangoni.

Tangu nirudi Moshi, kila nikila chakula cha Kichina nje nakikuta kitamu, lakini sicho. Chumvi ipo, sukari ipo. Ile ganzi ya mdomoni haipo, wala yale mafuta mekundu yanayobaki chini ya sahani. Mwaka huu nataka vyakula viwili tu vitoke sawasawa nyumbani kwangu.

Cha kwanza ni huiguo rou, maana yake nyama iliyorudi karaini: inachemshwa ikiwa nzima, inapoozwa, inakatwa, kisha inarudi motoni. Cha pili ni dandan mian, tambi za mzegazega. Dan ni ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku. Wachuuzi wa Sichuan walibeba jiko na sufuria upande mmoja, bakuli na viungo upande wa pili, wakapita mitaani wakiuza. Bakuli la dandan ni dogo na halina supu. Viungo vinakaa chini, tambi zinawekwa juu, mlaji anachanganya mwenyewe.

Manunuzi ya kuanzia: karai la chuma kizito kutoka sokoni, shilingi 18,000. Chupa ya gramu 500 ya doubanjiang, uji wa maharage na pilipili, niliagiza Dar kwenye duka la Wachina, 15,000, na kuituma kwa basi 3,000. Huajiao, kile kiungo cha kutia ganzi, gramu 100, 9,000. Soya sosi 6,000, siki nyeusi 8,000. Jumla 59,000. Mzani mdogo wa jikoni ninao tangu zamani, na bila huo nisingeanza.

Jumamosi, 11 Januari. Huiguo rou ya kwanza: imeharibika

Nilinunua kilo moja ya nyama ya nguruwe kwa 12,000. Nilichukua bega kwa sababu halina mafuta mengi, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Nikachemsha nusu saa na tangawizi na kitunguu majani, nikaitoa, nikaikata ingali ya moto. Ikachambuka. Badala ya vipande vyembamba nikapata nyuzi nyuzi. Karaini ikakauka kama kamba.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la doubanjiang. Huu ni uji mzito wa maharage mapana na pilipili, unaochachuliwa kwa chumvi na kuanikwa juani kwenye mitungi ya udongo. Ule wenye sifa unatoka Pixian, siku hizi Pidu, wilaya iliyo pembezoni mwa jiji la Chengdu. Nilimimina vijiko vitatu kwenye mafuta yanayotoa moshi. Ukarukaruka, ukashika chini, ukawa mweusi kabla sijageuza mwiko. Kisha kwa mazoea nikatia chumvi. Uji wenyewe umejaa chumvi. Hakuna aliyemaliza sahani yake, nami sikumlaumu mtu.

Jumamosi, 25 Januari. Ya pili: imekubali

Safari hii nilimwambia muuza bucha nataka nyama ya tumbo, yenye ngozi, mafuta na mnofu vikipishana kama mistari. Akashangaa, maana wateja wake wengi wanataka mnofu wa kukaanga kitimoto na ndizi. Gramu 500, 6,000. Nanunua pale tu ninapoona muhuri wa mkaguzi wa mifugo kwenye nyama, na naiivisha mpaka ndani. Tegu wa nguruwe ni ugonjwa wa kweli huku kwetu kaskazini, na si jambo la kubahatisha kwa ajili ya mapishi.

Nimechemsha dakika 25 kwa moto mdogo, mpaka kijiti kinapita kwenye ngozi bila kusukumwa. Nikaifuta maji, nikaiweka kwenye friji kwa muda wa saa mbili. Hapa ndipo penye siri: nyama baridi inakatika. Nilipata vipande vya milimita tatu, kila kimoja na ngozi yake.

Karai moto, mafuta kijiko kimoja tu, kwa sababu nyama italeta ya kwake. Ukiviacha vipande bila kuvigusagusa, mafuta yanaanza kutoka, na baada ya dakika nne au tano kila kipande kinajikunja kingo na kuwa na shimo katikati. Watu wa Sichuan wanaita umbo hilo kisahani cha taa, ile taa ya kale ya mafuta na utambi. Kabla hakijajikunja, usiendelee. Nilikuwa nimesahau kabisa jambo hili mpaka nilipokiona kipande cha kwanza kinainuka, nikamkumbuka ayi akikionyesha kwa ncha ya kijiti.

Kisha nikaisukuma nyama pembeni mwa karai, nikapunguza moto, nikaweka doubanjiang kijiko kimoja na nusu kwenye mafuta yaliyokusanyika katikati. Nilikuwa nimeukatakata kwa kisu kwanza ili yale maharage makubwa yavunjike. Nikauzungusha polepole. Mwanzoni mafuta ni meupe na uji uko peke yake. Baada ya dakika moja hivi mafuta yanaanza kuvaa rangi ya chungwa pembezoni, kisha yanakuwa mekundu kabisa, na harufu inabadilika: ile ya chachu inapungua, inakuja ya kitu kilichoiva. Hapo tu ndipo nikachanganya na nyama. Sukari nusu kijiko cha chai, soya sosi matone machache, chumvi hakuna.

Nimeandika hatua hii kwa kirefu kwa sababu naamini ndiyo inayokosekana kwenye sahani nyingi nilizokula nje. Watu wanaongeza pilipili. Ukali wa Sichuan unabebwa na mafuta, na mafuta hayabebi kitu ambacho hayakupewa muda wa kukichukua.

Kilichokosekana ni majani. Ayi alitumia majani mabichi ya kitunguu saumu. Mimi niliweka liki, ikatoa maji na kuilegeza nyama.

Jumapili, 26 Januari. Kitunguu saumu kwenye ndoo

Punje 30 za kitunguu saumu, ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo na samadi kidogo. Gharama 1,500. Nimeiweka chini ya dirisha la jikoni.

Jumapili, 23 Februari. Ya tatu

Wiki nne, na majani yamefika urefu wa mkono mpaka kiwiko. Niliyakata juu ya udongo, nikaacha vishina, vinachipua tena. Sehemu nyeupe inaingia kwanza, ya kijani sekunde 20 za mwisho. Sahani imeisha. Kwangu huiguo rou sasa ni chakula cha nyumbani, si majaribio tena.

Jumatano ya Majivu ni tarehe 5 Machi, na nyumbani kwetu nyama tunaiacha Kwaresima yote. Nitautumia mwezi huo kwa mafuta ya pilipili na tambi.

Jumamosi, 8 Machi. Mafuta ya pilipili: 5,000 zimeungua

Tatizo la kwanza ni pilipili yenyewe. Sichuan wanatumia aina ndefu iitwayo erjingtiao, ambayo ina rangi na harufu kuliko ukali. Pilipili kichaa na pilipili mbuzi zetu ni kinyume: zinachoma, lakini mafuta yanabaki ya njano. Nimechukua pilipili ndefu nyekundu iliyokaushwa, nikatoa nusu ya mbegu. Mvua zimeanza kunukia, na pilipili zililegea kama ngozi, hazisagiki. Nilizikaanga kavu karaini kwa moto mdogo mpaka zikawa zinavunjika kwa kidole, kisha nikazitwanga kwenye kinu. Gramu 40.

Mafuta ya alizeti, mililita 300. Nikayapasha mpaka yakafuka moshi, nikayamimina yote kwa mkupuo juu ya pilipili. Nilipohesabu mpaka tano, bakuli zima lilikuwa limekuwa rangi ya kahawa iliyoungua. Chungu. Nikamwaga: mafuta 2,000, pilipili 3,000.

Moshi ule ulipita ukutani mpaka kwa mama jirani, akaanza kukohoa. Naye alikuwa amefunga. Ramadhani imeanza siku chache kabla ya Kwaresima yetu. Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, "Si neno mwanangu, lakini unapika nini hicho?" Nikamweleza. Akaniambia zikikamilika hizo tambi nimpelekee za futari, ila zisipitie kwenye vyombo vya kitimoto.

Jumapili, 9 Machi. Mafuta ya pilipili: yametoka

Nilichobadilisha: pilipili nimeilowesha kwanza na vijiko viwili vya mafuta baridi. Mafuta mengine nimeyapasha na kipande cha tangawizi, kitunguu majani na kijiti cha mdalasini, mpaka kitunguu kikawa kahawia, nikavitoa vyote, nikazima moto. Kisha nikasubiri. Kipimo changu ni ufuta: ukidondosha punje chache zikaruka na kuwa nyeusi papo hapo, bado ni moto mno. Zikitoa povu taratibu na kubaki za dhahabu, wakati umefika. Nimemimina kwa awamu tatu. Ya kwanza inaamsha harufu, ya pili inatoa rangi, ya tatu, mafuta yakiwa yameshapoa kidogo, yanaingia na kutulia tu.

Usiyaonje siku hiyo hiyo. Asubuhi yake yalikuwa mekundu maradufu.

Jumamosi, 15 Machi. Tambi: sabuni

Tambi za dukani zinalegea kwenye mchuzi mzito. Tambi za Chengdu zina ugumu fulani unaorudisha meno, na rangi ya manjano hafifu isiyotokana na yai. Inatokana na jian, chumvi za kaboneti zinazowekwa kwenye unga. Niliwaza kuagiza tena Dar, mpaka mama yangu aliponiuliza kwa nini nisitumie magadi.

Alikuwa sahihi. Magadi tunayolainishia maharage na kupikia kiburu ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, jamaa wa karibu kabisa wa jian. Kipande cha shilingi 200 kinatosha mwezi.

Jaribio la kwanza nililiharibu mara mbili. Nilisaga jiwe nikatia unga wake moja kwa moja, na tambi zikawa na mchanga. Nikayeyusha, nikachuja kwa kitambaa, lakini nikamimina kwa jicho. Unga ukawa wa njano kama kiini cha yai, na tambi zilipoiva zilinuka na kuwa na ladha ya sabuni. Gramu 400 za unga zimekwenda kwa kuku.

Jumamosi, 22 Machi. Tambi: zimesimama

Vipimo vinavyofanya kazi: unga wa ngano gramu 400, maji mililita 160, chumvi gramu 4, magadi gramu 4. Magadi nayasaga, nayakaanga makavu kwenye sufuria kuukuu dakika kumi ili bikaboneti igeuke kaboneti, nayapima, nayayeyusha kwenye yale maji, nayaacha saa nzima. Mchanga unakaa chini. Namimina maji ya juu tu, kupitia kitambaa.

Donge ni kavu mno ukilinganisha na la chapati, na mwanzoni nilidhani nimekosea. Halishikani, linamwagika kama makombo. Usiongeze maji! Nilikusanya makombo kwenye mfuko wa plastiki safi, nikayakandamiza kwa kiganja, nikafunga, nikaliacha nusu saa. Nilipofungua lilikuwa limeshikana lenyewe. Nikalikanda, nikalilaza nusu saa nyingine, nikagawa mara nne.

Kibao na msukumio wa chapati vinatosha. Nasukuma mpaka milimita mbili, nanyunyiza wanga wa mahindi, nakunja kama khanga inayowekwa kabatini, nakata kwa kisu kikali. Zinachemka dakika mbili kwenye maji mengi. Niliinua moja kwa kijiti, nikaivuta: ilinyooka, ikarudi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akasema, "Ee, hiyo sasa."

Jumatatu, 24 Machi. Futari ya mama jirani

Nimenunua sufuria mpya kwa 7,000, ambayo haitaguswa na nguruwe wala divai ya kupikia. Nyama ya ng'ombe ya kusaga alinunua mwenyewe kwenye bucha lake, nikaikaanga jikoni kwake, kwenye kikaango chake. Nilimwekea pilipili kidogo na huajiao robo kijiko cha chai.

Alipoonja alinyamaza, akagusa mdomo kwa kidole. "Mwanangu, hii ganzi ni dawa au chakula?" Kisha akanusa bakuli la huajiao na kusema linamkumbusha mjafari wa kwao Pangani.

Nimelifuatilia neno lake, na pua yake haikukosea. Mjafari na huajiao ni miti ya jenasi moja, Zanthoxylum. Ndugu zake walituma matunda makavu kidogo kwa basi. Nilitafuna ganda moja: harufu ya ndimu ipo, uchungu umeizidi, ganzi ni hafifu. Sikulitia chakulani. Mjafari kwa wazee wetu ni dawa, na dawa ina kipimo chake. Lakini nimefurahi kujua kwamba mti wa aina hii unaota pande zote mbili za bahari.

Ganzi ya huajiao yenyewe inashangaza. Si baridi wala moto, ni mtetemo. Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapaka watu midomoni na kuwataka walinganishe wanachohisi na mtetemo wa kidoleni. Jibu lilikuwa karibu mara 50 kwa sekunde. Kinachotumika ni ganda. Zile mbegu nyeusi za ndani zichambue uzitupe, zinakwaruza kama mchanga. Ganda likaange kavu kwa moto mdogo, ulitwange, na utwange kidogo kidogo, maana likishasagwa linapoteza nguvu ndani ya wiki chache.

Jumamosi, 5 Aprili. Loshuu badala ya yacai

Dandan inataka yacai, mashina ya haradali ya Yibin yaliyochachuliwa. Haradali yetu iliyo karibu nayo ni loshuu. Chupa ya kwanza niliianza tarehe 10 Machi: mashina mabichi yaliyokatwakatwa, chumvi asilimia 5. Baada ya siku sita ukungu mweupe ukatanda juu, kwa sababu niliyafunga yakiwa na maji. Nimeitupa, 1,000.

Ya pili niliyaanika mashina siku mbili chini ya bati la veranda, maana jua halikai, mpaka yakanyauka na kujikunja. Nikayafikicha na chumvi mpaka yakatoa maji, nikayashindilia kwenye chupa na kuweka mfuko wa maji juu ili yasielee. Siku 18 leo. Harufu nzuri, ya uchachu na haradali. Kabla ya kutumia nayakaanga na sukari nusu kijiko cha chai.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili. Dandan kamili

Nyama imerudi. Gramu 200 za nguruwe wa kusaga. Mara ya kwanza niliitupa yote karaini kwa pamoja, ikatoa maji ikawa inachemka, ya kijivu. Niliendelea na moto mkubwa nikiivunja kwa mwiko mpaka maji yote yakaisha na ikaanza kulia kwenye mafuta yake. Hapo ndipo ikakauka na kuwa ya kahawia. Mwishoni soya sosi na loshuu.

Ufuta nimekaanga na kutwanga kinuni mpaka ukatoa mafuta. Nilipouchanganya na soya sosi ukaganda mabonge. Dawa yake ni maji ya moto ya tambi, kijiko kimoja kimoja, kabla ya kitu kingine chochote.

Chini ya kila bakuli: ufuta uliolainishwa kijiko kimoja cha chakula, soya sosi kijiko kimoja, siki nyeusi kijiko cha chai, sukari nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu kilichopondwa, huajiao robo kijiko cha chai, mafuta ya pilipili vijiko viwili pamoja na ile pilipili iliyotuama chini. Tambi juu, nyama juu yake, kitunguu majani.

Gharama ya mabakuli manne: unga 800, nyama 2,400, mafuta ya pilipili 1,500, ufuta 700, soya sosi na siki 1,200, huajiao 450, loshuu 300, majani 300, gesi 600. Jumla 8,250, karibu 2,060 kwa bakuli.

Nilipochanganya tambi zangu, mafuta mekundu yalipanda kutoka chini na kuzivaa zote. Nikala, midomo ikaanza kutetemeka, na kwa muda nikakaa kimya nikiuona ule mvuke wa dirishani ghorofa ya sita.

Jumapili, 4 Mei. Jibu kutoka Chengdu

Nilimtumia ayi picha mbili, ya huiguo rou na ya dandan. Leo asubuhi amenitumia sauti, ndefu, kwa Kisichuan chake cha haraka, nikaisikiliza mara tatu. Nyama imejikunja vizuri, amesema. Rangi ya mafuta ni sawa. Tambi ameuliza nilizitoa wapi, na nilipomwambia nimezikata mwenyewe kwa magadi amecheka na kutaka nimtumie picha ya hayo magadi. Ila majani ya kitunguu saumu nimeyakata kwa kunyoosha, na hivyo hayashiki mchuzi. Nikilaze kisu, niyakate mshazari, vipande vya urefu wa fundo moja la kidole, na zile sehemu nyeupe nizigonge kwanza kwa ubapa wa kisu.

Ndoo imechipua mara ya tatu. Nyama ya tumbo iko friji, inapoa.